Oveni ya mtumba ilivyonifundisha kuamka saa kumi alfajiri

Msomaji wangu, mjini hapa kuna vitu vitatu usiviamini hata ukiapiwa. Cha kwanza ni fundi cherehani anayekwambia "njoo kesho asubuhi, nimebakiza vifungo tu". Cha pili ni konda anayepiga kelele "siti zipo, siti zipo" huku watu wananing'inia mlangoni. Cha tatu, na hiki ndicho kilichonileta leo, ni namba zilizoandikwa kwenye swichi ya oveni.

Najua kuna mtu hapo tayari anacheka. "Dume zima linaongelea keki!" Cheka tu, ndugu yangu, mie nimeshazoea. Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yalikuja yamenuna, sikuwa na pa kwenda, nikaokota kibarua cha kuosha sinia kwenye bekari moja hapa Dar. Mikono inaosha, macho yapo kwa mpishi. Mwaka mzima. Nilipotoka pale mfukoni sikuwa na akiba ya maana, ila kichwani nilikuwa na keki za kila namna. Siku hizi naandika hapa gazetini, na siku nyingine naoka keki za besdei, kipaimara, send-off na kitchen party. Kalamu inalipa vocha, keki inalipa kodi ya nyumba.

Kwa hiyo nikikusimulia habari za oveni, jua nakusimulia habari za kodi.

VYUMBA SITA, MITA MOJA

Naishi Mwananyamala na mama yangu. Nyumba ni ya vyumba sita, korido katikati, choo uani, mita ya LUKU moja. Nyumba za namna hii unazijua, na kama huzijui basi umezaliwa Masaki. Kila mwezi wapangaji tunachanga hela ya umeme sawasawa, chumba kwa chumba, na kila mwezi ugomvi ni uleule: nani anakula uniti za wenzake.

Oveni niliinunua mtumba kwa familia iliyokuwa inahama mjini. Ni ya umeme, wati 2000, koili juu na koili chini, mlango wa kioo, na mpira wa kuziba mlango ambao umeshachakaa kidogo. Swichi yake ina namba kuanzia 100 mpaka 250. Mama aliyeniuzia alinitazama usoni akasema, "Mdogo wangu, hii kwangu haijawahi kunisumbua hata siku moja." Na kweli kwake haikumsumbua. Lishike hilo neno, tutakuja kulihitaji.

Basi bwana, keki ya kwanza ilitoka nyeusi juu, ndani uji. Ukiigonga juu inalia kama debe, ukiikata katikati inakudondokea. Ya pili, vipimo vilevile, dakika zilezile, swichi kwenye 180 ileile, ikatoka nyeupe kama mgonjwa wa malaria, nzito kama tofali la kuchoma. Ya tatu upande wa kushoto uliungua, wa kulia mbichi, katikati imeinama kama boti inayoingia maji. Robo kilo ya siagi, robo ya sukari, mayai matano, robo ya unga, vijiko viwili vya chai vya beking pauda. Mzani ninao, sikadirii kwa macho. Ila kila siku inatoka keki ya kabila lake.

Waliofurahi ni watoto wa pale uani. Walishajua ratiba yangu. Nikiwasha oveni, wao wanapanga foleni barazani. Keki iliyoharibika wakaipa jina, wanaiita "ajali". Utasikia, "Anko, leo kuna ajali?" Nikisema hakuna, wanaondoka wamenuna, kama vile nimewadhulumu.

SLESI ZA MKATE NA KIJIKO CHA SUKARI

Nikasema hapana, hii oveni lazima niihoji. Kule bekari tulikuwa na ujanja wa kuikagua oveni bila kifaa chochote. Unachukua slesi za mkate, unazipanga zijae sinia nzima, unaziweka ndani oveni ikishapata moto, unasubiri dakika kumi. Ukizitoa, zenyewe zinakuchorea ramani. Slesi iliyoungua inakuonyesha kona yenye moto mkali, iliyobaki nyeupe inakuonyesha kona iliyolala. Kwangu kona ya nyuma kushoto ilitoa mkaa, ya mbele kulia ikabaki nyeupe kama imetoka dukani. Basi ugonjwa wa boti kuinama nikaujua hapo hapo. Dawa yake ni kuizungusha keki, nyuma ije mbele, muda wake ukiwa umeshapita theluthi mbili. Ukiizungusha mapema ndani bado laini, inatitia.

Ujanja wa pili ni wa sukari. Sukari nyeupe tunayowekea chai huyeyuka joto likikaribia nyuzi 186. Kwa hiyo weka kijiko kimoja juu ya karatasi ya foili, swichi iwe 175, acha robo saa. Oveni ikiwa mkweli, sukari itabaki chenga. Kisha panda mpaka 200, acha robo saa nyingine. Hapo inatakiwa iyeyuke. Ikiyeyuka kwenye 175, oveni yako inachoma kuliko inavyosema. Ikigoma kwenye 200, oveni yako inajisifu bure.

Nikafanya hivyo Jumapili alfajiri, wenzangu wamelala. Swichi 175. Robo saa nikachungulia, sukari imekuwa mchuzi wa kahawia! Nikasema haya, nimeipata, oveni yangu ina moto wa ziada, dawa ni kushusha swichi.

Jumanne saa mbili usiku nikarudia ili nihakikishe. Swichi 175, sukari chenga. Nikapanda 200, robo saa, sukari chenga. Nikaongeza robo saa nyingine, chenga kavu kama mchanga wa Coco Beach. Na ile taa nyekundu ya oveni, ambayo hutakiwa kuzimika joto likitimia, haikuzimika hata mara moja.

Wewe acha tu. Oveni moja, sukari ya pakiti moja. Alfajiri inachoma, usiku inapoa. Mama akaniambia, "Baba, hiyo kitu labda ina mtu ndani."

MZEE WA PASI

Aliyetegua kitendawili ni mshkaji wangu tuliyesoma naye, siku hizi fundi umeme. Alikuja Jumatano jioni na mita yake ya mkononi, akaichomeka kwenye soketi yangu. Umeme wetu Tanzania unatakiwa uwe volti 230. Mita yake ikasoma 200.

Nikamwambia, "Si zimepungua thelathini tu?" Akacheka. Akanieleza hesabu ambayo naomba uishike, maana inawahusu wote wenye oveni, pasi na majiko ya umeme. Volti zikishuka kutoka 230 mpaka 200, upungufu ni asilimia 13. Lakini moto wa koili haushuki kwa asilimia 13, unashuka kwa karibu robo nzima. Oveni ya wati 2000 inabaki na kama 1500. Sasa chukua oveni yenye wati 1500, mpira wa mlango umechakaa, joto linavuja pembeni. Linaloingia na linalotoka vinakaribiana. Ndiyo maana taa haizimiki. Oveni inakimbia na haifiki.

"Zimeenda wapi hizo volti?" nikauliza. Akaninyooshea kidole koridoni.

Twende nikuoneshe wenyewe. Chumba cha pili anakaa mzee mmoja anayenyoosha mashati yake yote ya wiki kila jioni, mie namwita mzee wa pasi. Chumba cha nne kuna dada wa saluni, analeta wateja nyumbani, dryer inaunguruma mpaka saa nne usiku. Chumba cha tano kuna kijana anachemsha maji ya kuoga kwa hita ya kuchovya kwenye ndoo. Wote jioni, wote kwa pamoja, wote kwenye waya mmoja mwembamba wa zamani unaotoka kwenye nguzo. Fundi akasema ule waya ni kama mpira mmoja wa maji unaogawiwa mabomba sita. Akifungua mmoja, maji yanaruka. Wakifungua wote, kila mtu anapata mchirizi.

Kumbe yule mama aliyeniuzia hakunidanganya. Kwake oveni ilikuwa na waya wake peke yake.

OVENI ITOKE AU MTOKE NAYO

Wakati mie nahangaika na volti, uani walikuwa wananihangaikia mie. Uniti zilikuwa zinaisha mapema kuliko zamani. Oveni ya wati 2000 ikiwaka saa nzima bila kupumzika inakula uniti mbili, na ya kwangu jioni ilikuwa haipumziki. Kikaitishwa kikao chini ya mwembe. Mzee wa pasi akasema, dada wa saluni akasema, hata yule wa hita ya ndoo naye akapata mdomo wa kusema!

Mama mwenye nyumba alisikiliza wote, kisha akanigeukia. "Mwanangu, mie sina ugomvi na keki zako. Lakini mwezi ukiisha, oveni itoke au mtoke nayo. Na kodi ya miezi sita naitaka tarehe moja, kama mkataba unavyosema."

Mama yangu hakujibu kitu. Aliuza vitumbua miaka kumi na nne ili nivae yunifomu, sasa magoti yake hayampi ruhusa ya kukaa jikoni kuanzia usiku wa manane. Alinyanyuka taratibu, akaingia ndani. Ule unyamaze uliniuma kuliko maneno ya kikao kizima.

Nilichokuwa nacho mkononi ni oda moja. Keki ya send-off, tatu za kupandana, shilingi laki moja na themanini, nimeshapokea elfu themanini na zimeshaingia kwenye siagi, mayai na sukari ya unga. Laki iliyobaki, nikiiongeza kwenye akiba ya mama, kodi inatimia na chenji ya nauli. Oda inatakiwa Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Na kwenye send-off, bwana, keki haina mbadala. Wenye ndafu zao wana mbuzi mzima mwenye majani mdomoni, wanamwita keki ya ndafu na maisha yanaendelea. Mie mteja wangu hakuagiza mbuzi.

DAKIKA YA KUMI NA NANE

Ijumaa usiku nikawabembeleza wenzangu, nikawanunulia soda, wakakubali kwamba kuanzia saa tatu hakuna pasi, hakuna dryer, hakuna hita. Nikaweka mbili ndani, rojo ya tatu inasubiri kwenye bakuli. Taa nyekundu ikazimika. Nikamwambia mama, "Umeona?" Keki zikaanza kunyanyuka vizuri, nazitazama kwenye kioo kama natazama mechi.

Dakika ya kumi na nane, pwaaa! Giza. Nikatoka nje, mtaa mzima giza.

Kwa asiyejua, nimweleze kwa nini dakika ya kumi na nane ni mbaya kuliko ya tano au ya arobaini. Ya tano rojo bado ni rojo, haijapanda mahali pa kuangukia. Ya arobaini mayai yameshaganda, unga umeshashika, keki ina mifupa. Ya kumi na nane beking pauda imeshatoa hewa yake karibu yote, keki imejaa mapovu, lakini kuta za kuyashika yale mapovu hazijakauka. Joto likishuka mapovu yanasinyaa, keki inakaa chini kama mtu aliyepokea habari mbaya.

Sikufungua mlango. Hilo ndilo la kwanza, usifungue, joto lililomo ndani ndilo pekee ulilobaki nalo. Nikasubiri nusu saa, tochi ya simu mkononi. Nilipozitoa, zote mbili katikati zina shimo unaweza kuweka kikombe. Mayai kumi yamekwenda.

Bibi yangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kwa ajili ya kliniki ya macho. Muda wote alikuwa amekaa kwenye mkeka wake koridoni, kimya, anatafuna karanga. Akasema, "Mume wangu, umeme umekufa. Na wewe umekufa?"

"Bibi, keki ya watu hii."

"Na mkate wa kumimina ulikuwa wa nani? Wa majini? Leta sufuria kubwa. Na mkaa."

MOTO JUU, MOTO CHINI

Wanaojua mapishi ya pwani wanajua mkate wa kumimina. Mchele uliolowekwa na kusagwa, tui, sukari, hamira, iliki. Hauhitaji umeme, unahitaji mtu anayeujua moto. Bibi akaniamuru niweke mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa la pilau, kimo cha vidole viwili, ili chombo cha keki kisigusane na moto. Sufuria likakaa kwenye jiko uani. Juu tukafunika kwa sinia la bati, tukapalia makaa juu ya sinia. Kisha akanipa kanuni ambayo kule bekari sikuisikia: moto wa juu uwe mara mbili ya wa chini. Joto la chini linapanda lenyewe na limefungiwa ndani, ukilizidisha linaunguza kitako cha keki kabla juu hakujawiva. La juu lazima liwe jingi kwa sababu linalazimishwa kushuka.

Yote tuliyafanya uani, kwenye hewa. Mkaa usiuingize chumbani hata mvua inyeshe. Unatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, inalaza watu na hawaamki.

Bibi hakuuliza nyuzi ngapi. Alishika kiganja juu ya sufuria likiwa tupu, akahesabu polepole, alipofika nane akakitoa. "Tia." Nikatia ile rojo iliyokuwa inasubiri. Nikatoa simu nianze kuhesabu dakika, akaninyang'anya. "Pua yako iko wapi? Keki ikianza kunukia mpaka kwa jirani, ndo unachungulia. Kabla ya hapo hakuna cha kuona." Akaniambia mwaka 2006, wakati wa ule mgao mkubwa wa umeme, mtaa wao mzima ulifuturu kwa mikate ya namna hii na hakuna aliyelala njaa.

Na ukifikiri, bibi ana hoja. Waingereza wenyewe walianza kuuza majiko ya gesi yenye swichi ya kudhibiti joto mwaka 1923. Kabla ya hapo watu walioka kwa pua na kiganja, na harusi zilikuwepo.

Mama naye, magoti yake na yote, akaenda kugonga duka la jirani saa tano usiku, akarudi na mayai kumi ya mkopo. Kilichofuata sikukitegemea. Harufu ilipoanza kutoka, mlango wa chumba cha pili ukafunguka. Mzee wa pasi katoka na msuli na fulana. Nikajiandaa kwa ugomvi. Akauliza, "Mkaa unatosha?" Akarudi ndani, akaja na ndoo yake ya mkaa na kipepeo. Dada wa saluni akashika tochi. Kijana wa hita akawa anakoroga siagi na sukari kwa mkono, maana mashine ya kukorogea nayo ilikuwa maiti. Usiku ule pale uani kulikuwa hakuna cha chumba cha pili wala cha tano.

Saa tisa usiku keki tatu zilikuwa mezani. Rangi ya kahawia, zimesimama wima, hakuna shimo, hakuna kona mbichi. Ukichoma kijiti kinatoka kikavu.

Saa kumi kasoro taa zikarudi. Wote wameshalala isipokuwa mie na bibi. Kulikuwa na rojo kidogo imebaki kwenye bakuli, nikaimimina kwenye kikombe cha bati. Nikakumbuka sukari ya Jumapili alfajiri, nikaweka swichi 160 badala ya 180. Taa ikawaka, ikazimika, ikawaka, ikazimika, kama inavyotakiwa. Ikatoka keki ndogo ya mfano. Oveni ileile, msomaji wangu, ambayo jioni ilikuwa inanitoa jasho! Haikuwa na mtu ndani. Ilikuwa inangoja wenzake walale.

MAPATANO

Keki ilifika ukumbini saa kumi na moja na nusu. Mama wa binti aliionja pembeni kabla haijakatwa, akanivuta kando. Moyo wangu ukaenda mbio. "Kijana, umeweka iliki?" Mie sikuweka iliki. Nikageuza macho nikamkumbuka bibi na lile fundo la kanga lake alilokuwa analifungua fungua gizani. Nikajibu, "Iliki ipo, mama." Akasema mwezi wa kumi na mbili ana harusi ya mdogo wake, niandike namba. Laki yangu akanihesabia pale pale.

Usidhani nilibaki na utajiri. Kuna mayai ya mkopo, mkaa wa mzee wa pasi, soda za wapangaji. Kodi ilitimia kwa kukwangua, na nauli sikupata, nilitembea. Lakini tarehe moja mama yangu alikwenda mwenyewe kumkabidhi mama mwenye nyumba, amevaa kitenge chake kizuri, akarudi anaimba.

Kikao cha pili chini ya mwembe kilikuwa kifupi. Mshkaji wangu fundi alifunga mita ndogo kwenye laini ya chumba changu, uniti za oveni zinahesabika peke yake na nazilipia mwenyewe kabla ya mchango wa wote. Na oveni haiwaki jioni. Inawaka saa kumi alfajiri mpaka saa kumi na mbili, wakati pasi zote zimelala. Mama mwenye nyumba akakubali kwa sharti moja, kwamba "ajali" zikitokea, na yeye apelekewe.

Kwa wewe mwenye oveni inayokutesa, nakuachia haya. Kabla hujaituhumu, ipime kwa sukari mara mbili, alfajiri na jioni. Majibu yakifanana, tatizo ni swichi, utashusha au kupandisha namba na utaishi nayo. Yakitofautiana, tatizo lipo kwenye waya, muite fundi. Panga slesi ujue kona yenye moto mkali. Weka vigae viwili vya sakafuni chini kabisa ndani ya oveni, visiguse koili. Vikishapata moto vinatunza joto, umeme ukiyumba keki haishtuki sana. Ipashe dakika ishirini kabla ya kuweka kitu, usiiamini taa ikizimika mara ya kwanza. Mpira wa mlango ukichakaa, badilisha. Na sufuria lako la mchanga liwe tayari uani kila unapokuwa na oda ya watu.

Bibi amesharudi Tanga, macho yake yanaendelea vizuri. Kila Jumapili ananipigia, haniulizi biashara inaendaje. Anauliza, "Mume wangu, leo imenukia mpaka chumba cha ngapi?" Wiki iliyopita nilimwambia mpaka cha sita. Akacheka mpaka simu ikakatika.

Haya, mie kalamu naiweka chini mapema, kesho naamshwa na jogoo wa jirani. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.